Mkono Ubebao Gurudumu: Habari za Karakana Yetu katika Miaka Kumi

Katika kitabu hiki cha ukumbusho, ndugu wasomaji, mtakuta kurasa nyingi zielezazo mapato, maghala na mashamba. Sisi wa karakana tumepewa kurasa chache tueleze historia ya kazi moja tu, nayo ni kazi ya kutengeneza mikono ya saspensheni ya pikapu. Huenda wengine wakashangaa kwamba kipande cha chuma kisichozidi urefu wa mkono wa mtu kimepewa nafasi katika kitabu cha sherehe. Lakini kila gunia la viazi na kila keni la maziwa lililoteremka kutoka milima yetu katika miaka kumi hii limeteremka juu ya vipande hivyo; na watu wetu vilevile, kwa kuwa penye pikapu hapakosi watu.

Tena hatutaki kuandika sifa tupu. Historia ya kazi hii ina aibu ndani yake, nasi twaona ni afadhali aibu hiyo iandikwe na sisi wenyewe kuliko isimuliwe kwa minong'ono magengeni. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba ufa, na hata hivyo tulikaribia kuchimba kaburi. Jinsi jambo hilo lilivyokuwa, na tulivyojifunza kwalo, ndiyo habari tuliyo nayo.

Mkono wafanya kazi gani

Yafaa kwanza tueleze kitu chenyewe, maana si kila mwanachama amepata kulala chini ya gari. Gurudumu la mbele la pikapu lina kazi tatu kwa wakati mmoja: kubeba uzito, kugeuka kwa amri ya usukani, na kupanda na kushuka kwa kufuata mashimo ya barabara bila kulitikisa gari zima. Kati ya gurudumu na chasisi mna mikono miwili kila upande, mmoja juu na mmoja chini. Ncha ya ndani ya kila mkono imefungwa kwenye chasisi kwa bushi za mpira, nao huzunguka hapo kama mlango kwenye bawaba. Ncha ya nje ina kifundo cha tufe, ambacho mafundi hukiita boljointi, nacho hushika kiungo cha gurudumu. Katika pikapu nyingi za siku hizi springi hukaa juu ya mkono wa chini, kwa hiyo huo ndio ubebao uzito. Mkono wa juu hubeba kidogo, lakini ndio ulishikao gurudumu lisimame sawasawa.

Mkono wa juu kwa kawaida ni mfupi kuliko wa chini, na ufupi huo haukuwekwa kwa ajili ya kubana chuma. Gurudumu linapopanda, mkono mfupi huchora duara dogo na kukivuta kichwa cha gurudumu ndani kidogo. Hivyo gari lilalapo upande mmoja katika kona, tairi huendelea kukanyaga barabara kwa upana wake wote. Fundi akikosea urefu huo kwa upana wa kidole, tairi italika upande mmoja na usukani utavuta kama ng'ombe aliyechoka nira. Akikosea uchomeleaji wake, gurudumu litang'oka.

Ulikotoka mkono huu

Mwanzo wa mambo haya ni magari ya farasi. Mwaka 1804 Mwingereza Obadiah Elliott alipata hataza ya kufunga springi za majani zenye umbo la duaradufu chini ya magari hayo, na kwa muda wa zaidi ya miaka 100 watu hawakuona haja ya kutafuta zaidi. Motokaa ilipozaliwa ilirithi springi hizohizo pamoja na ekseli moja nzima iliyounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Mwaka 1925 kampuni ya Ford ilipoanza kuuza Model T yenye sanduku la mizigo lililofungwa kiwandani kwenyewe, nayo ikaiita pikapu, ekseli ya mbele ilikuwa ni hiyohiyo: fito moja ya chuma chini ya springi moja ya majani iliyolala kwa mapana.

Ekseli nzima ni imara, wala hatuidharau. Ipo mpaka leo chini ya malori. Kasoro yake ni kwamba gurudumu moja likipanda jiwe, la pili nalo huinama. Wahandisi walipojaribu kulainisha springi za mbele ili abiria wapate raha, walikuta magurudumu yakianza kutetemeka na kuyumba yenyewe kwa mwendo wa kasi, hata usukani ukamshinda dereva. Ikawa lazima kulitenga kila gurudumu lifuate njia yake. Mwaka 1933 Mercedes-Benz walitoa gari lao la 380 lenye mikono miwili kila upande wa mbele na springi za mviringo. Mwaka uliofuata, 1934, General Motors wa Marekani walitia mikono ya namna hiyo katika baadhi ya magari yao, kwa uchunguzi ulioongozwa na Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Rolls-Royce.

Mwaka huohuo wa 1933, katika nchi yetu, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa wanaanzisha chama chao kikuu, KNCU. Hatusemi kwamba jambo moja lilihusiana na jingine. Lakini mwenyekiti wetu wa kwanza, aliyeyasikia haya karakanani siku moja, alicheka akasema kwamba ni mashauri ya namna moja: kila gurudumu lina uhuru wa kupanda kilima chake, na yote yamefungwa kwenye chasisi moja, vivyo hivyo vyama vya msingi na chama kikuu. Tangu siku hiyo tumeutumia mfano huo katika kuwafundisha vijana.

Pikapu zilichelewa kuupokea mkono kuliko magari ya abiria, kwa kuwa wenye mizigo walitaka uimara kwanza. Mwaka 1960 Chevrolet waliitenga mbele ya pikapu zao kwa kutumia fimbo za torsheni, yaani fimbo za feleji zinazojisokota badala ya springi. Ford walifuata mwaka 1965 kwa mihimili miwili mirefu, kila gurudumu na wake. Mwaka 1968 Wajapani walitoa Toyota Hilux, ambayo tangu mwanzo ilikuwa na mikono miwili na springi za mviringo mbele. Na ijapokuwa zile za kuendeshwa kwa magurudumu manne zilianza mwaka 1979 na ekseli nzima, katikati ya miaka ya 1980 nazo zilianza kupewa mikono. Leo ukisimama penye soko letu alfajiri, pikapu nyingi utakazoziona zimesimama juu ya mikono.

Jangwani na katika Safari

Kutengeneza mkono mpya usiotoka kiwandani ni kazi iliyokuzwa zaidi na watu wa mashindano. Mwaka 1967 yalifanywa mashindano ya kwanza ya Mexican 1000, kutoka Tijuana hadi La Paz katika rasi ya Baja California nchini Meksiko, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,300 za mawe na mchanga. Vic Wilson na Ted Mangels walishinda kwa muda wa saa 27 na dakika 38, nao hawakuwa na pikapu bali kigari chepesi cha Meyers Manx. Ilikuwa mpaka mwaka 1979 ndipo Walker Evans aliposhinda mashindano hayo ya Baja akiwa wa kwanza kuwapita wote kwa pikapu. Katika miaka hiyo na iliyofuata, karakana za kusini ya California ziligundua kwamba mwenye gurudumu lipandalo na kushuka mbali zaidi ndiye afikaye. Wakaiacha mikono ya kiwanda, wakaunda mirefu zaidi kwa mabomba ya feleji iliyochanganywa na kromu na molibdeni, chuma kilekile kilichotumika katika viunzi vya ndege. Pikapu kubwa za mashindano hayo, zilizopewa daraja lao mwaka 1994, magurudumu yao ya mbele husafiri zaidi ya nusu mita kutoka chini hadi juu.

Huku kwetu Afrika Mashariki tulikuwa na jangwa letu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na matope yake yalivunja magari ambayo Ulaya yalisifiwa. Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na wazee wa karakana humtaja kwa sababu hiyo: alilijua gari kutoka chini.

Lakini kuna tofauti moja ambayo sisi tulichelewa kuiona. Gari la mashindano hukimbia siku moja au chache, kisha hufunguliwa lote, mikono ikaoshwa na kuchunguzwa kama ina nyufa, na iliyochoka ikatupwa. Pikapu ya mkulima hukimbia kila siku, hubeba tani moja na zaidi, wala haifunguliwi mpaka ilie. Basi anayeiga kazi ya jangwani bila kuiga na uchunguzi wake ameiba nusu ya elimu, tena nusu iliyo rahisi.

Karakana ilivyoanza

Mafundi waliotulea walijifunza kazi katika miaka ya shida, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati fedha za kigeni zilipokuwa adimu Tanzania na gari likiweza kusimama mwaka mzima kwa kukosa bushi. Wakati huo kuchomelea kilichovunjika hakukuwa uzembe. Ndiyo njia pekee iliyokuwapo. Watu waliokata bushi kutoka katika tairi kuukuu na kufufua boksi za usukani walistahili heshima, nasi twawaheshimu. Baadaye biashara ilipofunguliwa, vipuri vilijaa madukani, vya asili na vya bandia, na mara nyingi havikutofautiana ila kwa bei. Mwanachama aliyenunua mkono wa bei nafuu aliweza kurudi nao kabla ya mavuno mengine, bushi zimetafunika na kiti cha boljointi kimepanuka.

Chama kilipoanzishwa miaka kumi iliyopita, karakana ilipewa banda moja, mashine moja ya kuchomelea, jeki mbili na sanduku la spana lililoazimwa. Kazi ya kwanza ilikuwa ni hiyo ya wazee wetu: kuziba nyufa. Barabara zetu wakati wa masika huchimbika mifereji miwili yenye kina cha goti, na pikapu iliyojaa viazi ikitumbukia humo huupiga mkono wa chini pigo ambalo mtengenezaji hakulikusudia. Ufa huanzia karibu na kiti cha springi au penye tundu la shokapu. Tuliuchomelea, tukapigilia kiraka juu yake, na mwenye gari akaondoka jioni ileile akishukuru. Tulijisifu kwa upesi wetu.

Siku ya mteremko

Katika mwaka wa tatu wa chama, pikapu ya mwanachama mmoja ililetwa ikiwa na ufa katika mkono wa chini wa kushoto. Ilikuwa siku ya kuamkia soko, mzigo ulikuwa tayari shambani. Tulichomelea ufa kwa juu, kisha tukakata kiraka kutoka katika jani kuukuu la springi, kwa kuwa kila mtu ajua kwamba jani la springi ni chuma kigumu, nasi tulidhani kwamba kigumu ndicho kizuri. Mwenye gari alikuwa anangoja, basi tukaumwagia mkono maji upoe upesi.

Hata miezi mitatu haikupita. Katika mteremko wa mwisho kabla ya daraja, mkono ulikatika. Gurudumu lilijikunja chini ya gari, usukani ukawa si kitu, na pikapu ikaingia korongoni pamoja na magunia. Utingo alirushwa akaangukia majanini, akapona. Dereva alibanwa miguu yote miwili. Alikaa hospitali muda mrefu, na hata leo hutembea kwa mkongojo. Ametupa ruhusa tuyaandike haya kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, nasi twamshukuru.

Katika mkutano uliofuata palikuwa na maneno mengi. Wengine walisema gari lilizidishiwa mzigo, na kweli lilizidishiwa. Wengine walisema ni ajali, na ajali haina kinga. Msimamizi wa karakana angeweza kukaa kimya nyuma ya maneno hayo, na wengi wetu tulitamani akae. Alisimama akasema, "Mkono huu tuliufunga sisi. Kabla hatujamtafuta mwingine wa kulaumiwa, na tuutazame."

Tulimwomba mwalimu wa uchomeleaji wa chuo cha ufundi aje. Aliviweka vipande viwili juu ya meza mbele ya wanachama, akatuonyesha uso wa mvunjiko. Ulikuwa na rangi mbili. Sehemu moja ilikuwa nyeusi ya kutu, yenye mistari midogo iliyopangana kama alama za maji ufukoni. Sehemu ya pili ilikuwa nyeupe inayong'aa. Alisema kwamba ile nyeusi ni ufa wa zamani, ambao haukuvunjika siku moja bali ulitambaa kidogo kidogo kwa kila shimo la barabara, na ile nyeupe ndiyo iliyobaki siku ya mteremko. Ufa wa zamani ulikuwa umelala palepale chini ya kiraka chetu. Tulikuwa hatukuuondoa; tulikuwa tumeufunika.

Kisha alichukua tupa akaipitisha juu ya chuma cha mkono wenyewe, tupa ikauma. Akaipitisha juu ya kiraka, kando kabisa ya mshono. Tupa ikateleza kama juu ya kioo. Alieleza kwamba jani la springi lina kaboni nyingi, na chuma cha namna hiyo kikipata moto wa kuchomelea kisha kikapoa kwa haraka, ukanda ulio kando ya mshono huwa mgumu kupita kiasi, na mgumu huo haupindi, hupasuka. Maji tuliyomwaga yalimaliza kazi. Kwa hiyo ule ufa wa kwanza ulipewa mwenzake wa pili, na mikono yetu ndiyo iliyoutia.

Hapakuwa na kelele tena baada ya hapo. Halmashauri iliamua mambo mawili: chama kichangie matibabu ya dereva, na karakana isiguse mkono wowote kwa moto mpaka itakapojua ifanyalo.

Kujifunza upya

Tulikaa karibu mwaka mmoja bila kuchomelea mkono hata mmoja, na wanachama walinunua vipuri kwa shida. Wako waliotukasirikia zaidi kwa kukataa kuliko walivyotukasirikia kwa ajali. Katika muda huo vijana wawili walipelekwa chuoni, na karakana ikapata mashine ya kukerezea iliyokwisha kutumika. Tulipoanza tena hatukuanza kwa kuziba, bali kwa kuunda upya. Twaeleza utaratibu wetu hapa ili mwanachama ajue analipia nini.

Jambo la kwanza ni chuma. Hatutumii jani la springi, wala nondo, wala bomba la maji lililopakwa zinki, ambalo moshi wake humtia mchomeleaji homa na zinki yake huharibu mshono. Twatumia bomba na bamba za feleji laini zilizonunuliwa mpya kwa muuzaji anayeeleza ni za aina gani. Hapa ndipo ushirika ulipotufaa kuliko mahali pengine popote. Fundi mmoja wa kando ya barabara hawezi kununua bomba zima la mita sita la chuma kizuri kwa ajili ya kazi inayohitaji nusu mita, ndiyo maana huokota alichokipata. Chama chaweza kununua, kikagawa.

Jambo la pili ni kipimo. Twachukua mkono mzima wa gari la aina ileile, twaufunga kwenye bamba nene la chuma, na kulizungushia viegemeo vinavyoshika mahali pa bushi na pa boljointi. Kiunzi hicho mafundi hukiita jigi. Mkono wa kiwanda ukiondolewa, nafasi yake hubaki, na kila mkono mpya huundwa katika nafasi hiyo. Mabomba ya bushi hukerezwa kwanza, kisha hupitishwa mtalimbo mmoja ulionyooka ndani ya yote mawili wakati wa kuchomelea, maana moto huvuta chuma, na mabomba yasiposhikwa hupotoka na bushi huliwa upande mmoja. Mishono hushikizwa kwa nukta, kisha huchomelewa kidogo huku na kidogo kule, kwa kupokezana, na mkono huachwa upoe wenyewe katika hewa iliyotulia. Ndoo ya maji imeondolewa katika banda hilo. Bushi hutiwa mwisho, baada ya moto na rangi. Boljointi hatuitengenezi kabisa, hununuliwa mpya.

Jambo la tatu ni vijiti vya kuchomelea. Tulikuwa tukivitupa chini ya meza, vikanyonya unyevu wa masika. Siku hizi twatumia vile vya namba E7018, ambavyo mshono wake una nguvu ya pauni 70,000 kwa inchi mraba, lakini ambavyo vikilowa huleta hidrojeni ndani ya mshono na kuupasua. Basi vyakaa katika sanduku lenye joto, na hutolewa vichache vichache.

Jozi ya kwanza tuliyoiunda haikufungwa garini. Tuliibana katika fremu, tukaisukuma kwa jeki kupita uzito itakaoubeba, tukapima kama imerudi ilivyokuwa. Kisha tuliikata kwa msumeno kuvuka mishono tuone ndani. Katika mshono mmoja tulikuta shimo dogo lenye takataka ya kijiti. Tuliunda jozi ya pili, na ya tatu. Jozi ya nne ndiyo tuliyoifunga kwenye pikapu ya karakana yenyewe, na msimamizi akaiendesha masika yote kabla hajauziwa mwanachama yeyote.

Kila mkono uliotoka tangu wakati huo umegongwa namba, na namba hiyo imeandikwa daftarini pamoja na jina la aliyeuchomelea na la aliyeukagua, ambao kamwe si mtu mmoja. Baada ya kila kilomita 5,000 gari hurudi. Mkono huoshwa, hupakwa mafuta ya taa, hufutwa ukauka, kisha hupakwa chaki. Pakiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, mafuta yaliyojificha ndani hutoka na kuandika mstari juu ya weupe. Njia hii ni ya zamani na rahisi, nayo haimwonei haya mtu.

Maombi tunayoyakataa

Kazi tunayoombwa zaidi siku hizi ni mikono ya juu. Wanachama huinua pikapu zao kwa springi ndefu zaidi ili zipite juu ya mifereji ya masika. Lakini gari likiinuliwa, mkono wa juu wa kiwanda huning'inia kwa pembe kali, boljointi hufika mwisho wa mchezo wake, na gurudumu hupoteza mlalo wake wa nyuma unaourudisha usukani katikati. Mkono tuuundao hukiinamisha kiti cha boljointi na kukirudisha nyuma kidogo, ili mambo hayo yakae sawa tena. Kazi hiyo twaifanya kwa moyo mweupe.

Lakini wako vijana walioona picha za pikapu za jangwani, wakataka mikono mirefu ya kupanua gari. Hao huwaambia kwamba mkono hauwi mrefu peke yake: hudai fito ndefu za kuendesha magurudumu, tairodi ndefu, shokapu nyingine, na hesabu ya mhandisi, tena mkono mrefu huikamua zaidi chasisi penye bushi. Hatuna mhandisi huyo bado. Kwa hiyo twasema hapana, na aliyekataliwa wakati mwingine huenda kwa fundi mwingine akafanyiwa siku hiyohiyo. Fedha hizo twazipoteza kwa kujua.

Vilevile hatuchomelei tena ufa katika mkono wa chini, hata aliyeuleta akiwa ndugu yetu wa damu, hata ikiwa ni siku ya kuamkia soko. Twampa mwenye gari mkono mwingine wa namba kwa mkopo, alipe baada ya mavuno. Mpango huo ulipopendekezwa, mweka hazina aliogopa kwamba mikopo haitarudi. Halmashauri iliukubali baada ya dereva yule yule wa mteremko kusimama, akiegemea mkongojo wake, akauliza swali moja: kama ungekuwapo siku ile, je, yeye angengoja kiraka?

Hakuna aliyemjibu.

Kwa miaka ijayo

Wageni watakaokuja katika sherehe wataona vipande viwili vya mkono uliovunjika juu ya rafu, kando ya daftari la namba. Tuliombwa na wengine tuviondoe kwa ajili ya siku hii, banda lipendeze. Tumeona vibaki. Kila kijana aingiaye kazini hupewa tupa siku ya kwanza aijaribu mwenyewe juu ya mkono na juu ya kiraka, naye huelewa kwa vidole vyake jambo ambalo sisi tulilielewa kwa miguu ya mtu mwingine.

Methali ya wazee ingali ya kweli, nasi hatuibishi. Ila tumejifunza kwamba kuziba ufa na kuufunika ni mambo mawili mbalimbali. Anayeziba hutafuta kwanza mwanzo wake, huukata mpaka mwisho wake, au hukitupa kitu chote akaanza upya. Anayefunika hutaka tu mwenye mali aondoke akishukuru. Chama nacho kina nyufa zake, kama kila kazi ya wanadamu, na hesabu zake hupimwa kwa namna hiyohiyo ya chaki na mafuta ya taa: kwa kufunguliwa mbele ya watu, kila wakati wake ufikapo, bila kungoja gari lilie.

Katika miaka kumi ijayo twatumaini kumsomesha mhandisi wetu wenyewe, na kupata mashine ya kupima mwelekeo wa magurudumu badala ya uzi na rula tunavyotumia sasa. Mpaka hapo, twawaomba wanachama wazilete pikapu zao kwa wakati, wapunguze magunia, na wasione vibaya tukiwaambia wangoje. Twawatakia nyote heri ya sikukuu na safari njema za kupanda na kuteremka.